Bustani ndani ya kioo: mwongozo kamili wa mtungi wa mimea na tangi la samaki lenye mimea

Mtu akitamani tangi la samaki, mara nyingi huanzia kwenye samaki wenyewe. Ananunua tangi, analijaza maji siku hiyohiyo, anamwaga samaki kumi wa rangirangi, anachomeka pampu ya hewa, kisha anaomba umeme usikatike. Unakatika. Kesho yake samaki wako juu ya maji wanahema, na keshokutwa muuza samaki anampata tena mteja yuleyule.

Mwongozo huu unakwenda kinyume: mimea kwanza, samaki mwisho, tena wachache. Mimea mingi inayokua vizuri hunyonya uchafu wa samaki, huwapa oksijeni mchana, na hulifanya tangi livumilie mgao wa saa kadhaa bila msiba. Tunaanza na mtungi wa mimea ya nchi kavu, ambao wauzaji huuita terariamu, kwa kuwa ni wa bei nafuu na unalifundisha jicho kusoma unyevu na mwanga ndani ya kioo. Mwenye haraka na tangi anaweza kuruka sehemu hii, ila sishauri.

MTUNGI WA MIMEA

Mwaka 1829 daktari mmoja wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, alimfungia pupa wa nondo ndani ya chupa yenye udongo wenye unyevu. Mle ndani vikaota kangaga na majani, wakati makangaga ya bustanini kwake yalikuwa yakifa kwa moshi wa makaa ya mawe. Mwaka 1833 masanduku ya vioo yaliyotengenezwa kwa kanuni hiyo yalisafirishwa hadi Sydney na mimea ikafika hai. Baadaye yalitumika kuhamishia miche ya chai kutoka China kwenda India. Kanuni yenyewe ni hii: maji yanapanda kama mvuke kutoka kwenye udongo na majani, yanagusa kioo, yanakuwa matone, yanateremka tena. Kazi yako ni kuweka kiasi sahihi cha maji mara ya kwanza na kuacha kuchokonoa.

Chombo. Tafuta mtungi wa glasi nyeupe wa lita nne au tano, wenye mfuniko na mdomo ambao mkono wako unapita. Mitungi ya peremende ya madukani na ya achari inafaa sana. Ioshe kwa sabuni, suuza, ipanguse kwa siki kidogo, iache ikauke. Harufu ya achari ikibaki, rudia.

Tabaka la chini ni kokoto ndogo zilizooshwa, unene wa sentimita mbili, ili maji yaliyozidi yapate pa kutuama bila kuozesha mizizi. Juu yake tandika kipande cha chandarua kilichochakaa kuzuia udongo usishuke. Wengi huongeza mkaa uliopondwa. Mkaa wa kawaida wa jikoni unafaa, ule wa miti na usio na majivu. Mkaa wa kufinyangwa uache, maana hujui umegandishwa kwa kitu gani. Kusema kweli, mkaa haufanyi miujiza inayosimuliwa. Ukiwa nao weka, ukiukosa endelea.

Udongo ndio wenye kazi. Changanya mafungu mawili ya udongo wa bustani uliochekechwa, fungu moja la usumba uliokatwakatwa au vumbi lake, na fungu moja la mchanga wa mtoni. Wa pwani wana jambo moja la kuangalia: makumbi ya nazi hufukiwa kwenye matope ya ufukweni miezi kadhaa kabla ya kupondwa, kwa hiyo usumba wake huja na chumvi. Uloweke kwenye maji baridi na kuyabadilisha mara tatu kabla ya kuutumia. Mchanganyiko wote umwagie maji yanayochemka, uuache upoe na uchuje. Hiyo hupunguza mayai ya wadudu na mbegu za magugu. Unene ndani ya mtungi uwe sentimita tano au sita. Udongo uwe na unyevu wa kushikana ukiuminya mkononi bila kudondosha maji.

Mimea. Chagua inayopenda unyevu na isiyorefuka: Fittonia yenye mishipa myeupe au ya waridi, Peperomia ndogo, makangaga madogo, na kuvumwani, yale majani mafupi ya kijani yanayotambaa kwenye kuta zenye unyevu na mawe ya kivulini. Mitatu au minne inatosha. Mtungi unaoonekana mtupu leo utajaa baada ya miezi michache. Dungusi, mshubiri na jamaa zao usiwafungie humo, wataoza.

Kuna mmea mmoja ambao wasomaji wa Tanga na Lushoto wana haki ya kujivunia. Mwaka 1892 ofisa Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliuokota eneo la Usambara ua dogo la zambarau na kulipeleka kwao. Mwaka uliofuata likapewa jina Saintpaulia, na sasa linapamba madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani. Wataalamu wa mimea wameshalihamishia kwenye kundi la Streptocarpus, lakini wauza maua bado wanalitumia jina la zamani. Majani yake yana manyoya, na matone yakikaa juu yake yanaoza, kwa hiyo lipande kwenye mtungi usio na mfuniko. Usiende kuling'oa msituni: misitu yake inapungua, na wala huna haja. Jani moja lenye kikonyo, likichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu, hutoa mizizi katika wiki chache.

Panda kwa kijiti kirefu au uma uliofungwa kwenye mti, gandamiza udongo kuzunguka mizizi, kisha mwagia kidogokidogo kupitia ukuta wa kioo. Mtungi wa lita tano wenye udongo uliokwisha kuwa na unyevu hautaki zaidi ya nusu kikombe cha chai. Funika, weka mahali penye mwanga wa dirisha lakini pasipopigwa na jua. Jua la saa saba mchana kwenye mtungi uliofungwa litaipika mimea yako, na hapo hakuna tiba.

Kwa wiki mbili usome kioo. Asubuhi ukiona ukungu wa matone kwenye theluthi ya kioo, na ifikapo alasiri umepungua, umepatia. Kioo chote kikiwa cheupe kutwa nzima, fungua saa mbili tatu, na kesho tena kama bado. Kisipotoa tone hata moja siku kadhaa mfululizo, ongeza vijiko viwili vitatu. Utando mweupe wa kuvu ukitokea kwenye kijiti au jani lililokufa usishtuke. Futa, toa kilichooza, fungua mfuniko kidogo. Wako wadudu wadogo sana weupe wanaorukaruka chini ya majani yaliyooza bustanini, nao ni wasafishaji hodari wa kuvu. Wakiingia na udongo, waache.

Baada ya hapo ni kupunguza matawi kwa mkasi na kufuta kioo, basi.

TANGI LENYE MIMEA

Tangi dogo la lita kumi linaonekana rahisi kwa mwanzo, kumbe ndilo gumu, maana maji machache huharibika haraka na hupata joto haraka. Ukubwa mzuri wa kuanzia ni sentimita 60 kwa 30 kwa 36 kwenda juu. Hilo linabeba kama lita 65 likijaa pomoni, lita 50 hivi ukishaweka udongo na mawe. Fundi wa alumini na vioo anaweza kulitengeneza; mwambie kioo cha milimita 6 na silikoni ile yenye harufu ya siki, isiyo na dawa ya kuzuia kuvu, kwa kuwa ile ya bafuni huwa na sumu kwa samaki. Liache likauke wiki nzima, halafu lijaze maji nje kwa siku mbili ukiangalia kama linavuja. Liwe limekalia povu jembamba la kufungashia au godoro la mazoezi, si mbao tupu, ili punje ya mchanga isije kulipasua.

Hesabu uzito kabla ya kuchagua meza. Lita moja ya maji ni kilo moja, kioo chenyewe kama kilo 12, ongeza udongo na mawe: unafika karibu kilo 90. Meza ya televisheni ya mbao za kubandika haiwezi. Pasiwe karibu na jiko, wala mkabala na dirisha la magharibi. Na waya wowote unaotoka kwenye tangi uning'inie chini kidogo kuliko soketi kabla ya kupanda kwenye plagi; maji yakitiririka kwenye waya yatadondoka sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.

Udongo na mchanga. Chini kabisa weka udongo wa bustani uliochekechwa, unene wa sentimita mbili hadi tatu. Usiwe na samadi wala mbolea ya dukani, maana vitatoa amonia na kuua kila kitu. Udongo mwekundu wa nyanda za juu una chuma ambacho mimea inakipenda, lakini tumia kwa kuchanganya na udongo wa kawaida. Ule mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, uache shambani. Juu ya udongo funika kwa mchanga mkubwa wa mtoni au kokoto za milimita 2 hadi 4, unene wa sentimita mbili na nusu. Uoshe kwenye ndoo mpaka maji yatoke safi, na hapa usijihurumie: dakika ishirini za kuosha zitakuokoa na wiki mbili za tope.

Mchanga wa baharini haufai, una chumvi na vipande vya makombe. Kwa mawe fanya jaribio la jikoni: dondoshea siki au ndimu. Likitoa povu lina chokaa, litafanya maji kuwa magumu. Mawe ya matumbawe, ambayo yamejaa pwani nzima, hutoa povu bila kukawia.

Maji. Ya bomba yana klorini; yakae kwenye ndoo wazi saa 24, ukiyakoroga mara mojamoja, yatakuwa salama. Ukiwa Marekani, ambako mamlaka nyingi hutumia kloramini, kukaa wazi hakusaidii. Nunua matone ya kuondolea klorini. Maji ya kisima ya sehemu nyingi za Dar es Salaam na Mombasa yana chumvi, na ukiyaonja ukaisikia chumvi usiyatumie. Maji ya mvua ni mazuri ukiacha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha uyachanganye nusu kwa nusu na ya bomba, kwa sababu peke yake hayana madini.

Mimea ya majini. Sasa hapa usibane pesa. Unataka mimea ifunike robo tatu ya sakafu ya tangi tangu siku ya kwanza, na mingi iwe ile inayokua mbio, kwa kuwa ndiyo itakayoshindana na mwani kugombea chakula. Vallisneria, yenye majani marefu membamba, inastahili nyuma. Inaota yenyewe katika maziwa yetu makuu. Ceratophyllum haina mizizi, inaelea, na hunyonya uchafu kupita karibu mimea yote. Katikati weka Cryptocoryne. Anubias, ambayo asili yake ni Afrika ya Magharibi na ya Kati, ifunge kwa uzi kwenye jiwe au gogo. Shina lake likifukiwa mchangani huoza. Na ule mtambaa wa ndani unaoitwa mani planti, chomeka mizizi yake majini na uache majani nje: hakuna mashine ya bei hiyo inayosafisha maji kama huo.

Jaza maji sentimita kumi tu, panda kwa kibanio kirefu, halafu endelea kujaza ukimwagia maji taratibu juu ya sahani iliyolazwa mchangani ili udongo usifumuke.

Usichukue mimea ziwani au bwawani. Kwanza, maji hayo yanaweza kuwa na kichocho, na kuingia tu kuvuna kunakuweka hatarini. Pili, konokono utakaowaokota huko wanaweza kuwa na vijidudu vyake. Konokono waliozaliwa ndani ya tangi lako hawana hatari hiyo, kwa kuwa vijidudu vya kichocho humwingia konokono kutokana na mkojo au kinyesi cha binadamu mwenye ugonjwa. Kwa hiyo wale wadogo wanaokuja na mimea ya muuzaji anayeizalisha kwenye matangi yake usiwaogope. Wanakula majani yaliyooza, wanalipa kodi yao.

Mwanga. Taa ya LED nyeupe ya kawaida, ile ya mwanga wa mchana, inatosha kwa mimea niliyoitaja. Washa saa nane kwa siku, si zaidi, na kama una swichi ya saa igawe: iwake kwa muda wa saa nne asubuhi, ipumzike kwa muda wa saa tatu, kisha iwake tena kwa muda wa saa nne hadi jioni. Wakati wa mapumziko hewa ukaa hurudi majini na mimea hupata chakula tena. Mitungi ya hewa ukaa inayouzwa kwa bei mbaya huihitaji.

Kusubiri. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Taka za samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo haina madhara makubwa na mimea huila. Bakteria hao huchukua wiki tatu hadi sita kuzaliana vya kutosha. Udongo mpya nao hutoa amonia, kwa hiyo wiki ya kwanza badilisha nusu ya maji mara mbili au tatu, wiki zinazofuata robo kila wiki. Ukipata vipimo vya matone, subiri amonia na nitriti zisome sifuri wiki nzima. Usipovipata, subiri wiki sita na uone majani mapya yakichipua kweli.

Katika kusubiri huko mambo matatu yatakutisha bure. Majani ya zamani, hasa ya Cryptocoryne, yatayeyuka. Mizizi iko hai, yatarudi. Vumbi la kahawia litatanda kwenye kioo; lifute, litakoma lenyewe. Maji yanaweza kuwa meupe siku chache, yaache.

La nne si la bure. Tangi lenye maji yaliyotulia na lisilo na samaki ni kiwanda cha mbu. Dar es Salaam ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mbu wake hutaga kwenye vyombo vya maji majumbani. Funika tangi kwa kitambaa cha chandarua kilichobana pembeni, mchana na usiku. Ukiona viluwiluwi, wachote kwa chujio la chai. Samaki wakishaingia watawamaliza wenyewe, kwa furaha.

Samaki. Kwa anayeishi na mgao, chaguo langu ni wale wanaoweza kuvuta hewa juu ya maji: beta au gurami mdogo. Hata oksijeni ya majini ikishuka, hupanda, huvuta, hushuka. Beta dume awe mmoja tu, wawili watauana. Kwa lita 50, weka beta mmoja na konokono, au gurami wawili, au gapi sita madume watupu. Ukichanganya gapi jike na dume, baada ya miezi mitatu utakuwa unagawa samaki mtaa mzima.

Pwani hita haina kazi, maji ya ndani hukaa kati ya nyuzi 25 na 29. Nairobi, Arusha na Mbeya mwezi wa Julai ni habari nyingine. Hita ya wati 50 yenye kidhibiti joto inatosha. Samaki wa Ziwa Tanganyika, wanaosafirishwa kutoka Kigoma hadi kwa wafugaji wa Ulaya, ni wazuri mno, lakini wanataka maji magumu yenye pH inayokaribia 9 na wengi huchimbua mchanga. Watengenezee tangi lao la mawe, hili si lao.

Waingize samaki wakiwa ndani ya mfuko wao: uelee juu ya maji dakika 15, ongeza kikombe cha maji ya tangi kila dakika chache, kisha wachote kwa wavu. Maji ya mfuko yamwage chooni. Lishe mara moja kwa siku, kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili.

Umeme ukikatika usiwalishe, kwa sababu chakula kinachooza hula oksijeni, na usiku mimea yenyewe huvuta oksijeni. Chota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu mara kwa mara kama ni samaki wasiovuta hewa. Ukitumia chujio la ndani ya kopo lililofungwa na umeme ukakosekana usiku kucha, lisuuze kabla ya kuliwasha, maana maji yaliyolala humo yameoza. Sifongo la chujio lioshe siku zote kwenye ndoo ya maji ya tangi. Ukilipeleka bombani, klorini itaua bakteria uliowasubiri wiki zote hizo.

Kila wiki badilisha robo ya maji kwa mpira wa kufyonza. Maji hayo yana nitreti, mchicha utayafurahia. Maji yakigeuka kijani, punguza muda wa taa hadi saa sita kwa siku na uongeze mimea inayoelea. Nyuzi za mwani zizungushe kwenye mswaki wa zamani na kuzitoa. Ukisafiri wiki moja, samaki wazima hawahitaji mlishaji. Jirani mwenye huruma na kopo zima la chakula ni hatari kuliko njaa.

Mimea unayopunguza ikaushe juani na uitupe kwenye mboji, na samaki waliozidi mrudishie muuzaji. Visiende mtaroni wala mtoni. Gugu maji lililoziba ghuba za Ziwa Viktoria lilitoka Amerika ya Kusini kama pambo la mabwawa. Konokono tufaa wa Amerika ya Kusini, aina ambayo jamaa zake hufugwa kwenye matangi, waligunduliwa mwaka 2020 kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea, Kenya. Na Unguja kuna samaki mdogo, Nothobranchius guentheri, anayeishi kwenye madimbwi ya msimu ya kisiwa hicho. Mayai yake husubiri kwenye tope kavu hadi mvua irudi. Gapi wako wawili tu, dume na jike, wakiingia dimbwi linalobaki na maji mwaka mzima karibu na hapo, hutaweza kuwarudisha.